Likizo ya wanangu kwa bibi yao Iringa: nilikwenda kuwafundisha mila, bibi akanitoa jikoni

Uyole Juu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga arudi usiku.

Mimi ni Mhehe wa upande wa Kalenga. Mbeya nilikuja kikazi, huu mwaka wa 11, naishi Uyole. Mke wangu Mnyakyusa wa Tukuyu. Nyumbani kwetu ni Kiswahili mwanzo mwisho, maana ndiyo lugha pekee ambayo sote wawili tunaweza kugombana nayo tukaelewana. Watoto watatu: binti wa miaka 15, wa kiume wa 12, na kitinda mimba ambaye kwa sasa kabila lake ni katuni.

Likizo ya mwezi wa sita niliwapeleka kwa mama yangu nikiwa na hasira zangu. Kwenye msiba mmoja mwaka jana mzee wa ukoo alimsalimia binti yangu "kamwene", mtoto akajibu "poa". Nilitafuta pa kuficha uso nikakosa. Kwa hiyo safari hii nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuendesha semina. Nilikuwa na ratiba kwenye simu: Isimila, Kalenga, Gangilonga, Lugalo, na Mlambalasi kwenye kaburi la Mkwawa kama gari litakubali.

Isimila wakapiga picha kwenye zile nguzo za udongo. Zana za mawe za watu wa kale walizitazama kama dakika mbili. Lugalo nikawaambia hapa ndipo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilipokiangusha kikosi cha Zelewski, yule Mjerumani aliyeitwa Nyundo. Binti akauliza, "Si ile hospitali ya jeshi Dar?" Nikamwambia jina limetoka hapa likaenda kule. Akasema "aaa", akarudi kwenye simu.

Kalenga ndiyo nilikuwa naitegemea. Nikasimama mbele ya fuvu la Mkwawa nikatoa mhadhara wote: ngome kuangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, mtwa, yaani mtawala wetu, kuhangaika porini karibu miaka minne, kujipiga risasi Julai 1898 kuliko kukamatwa, kichwa kukatwa na kupelekwa Ujerumani, kuandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba kirudishwe, na kurudi kwake 1954. Yule wa kiume akauliza, "Sasa walikuwa wanakitaka cha nini?" Swali zuri kuliko mhadhara wangu wote. Mimi nikamjibu kwa dakika kumi, na kufikia ya tatu alikuwa anahesabu mikuki ukutani.

Jioni nimechoka, nimenuna. Mama yuko jikoni kwake, jiko la kuni, mnaijua baridi ya Iringa mwezi wa sita. Nikaanza kumweleza mbele ya watoto kwamba hawa hawapendi asili yao. Mama akaniambia, "Wewe nenda kakae na wanaume wenzako huko nje. Moshi utakuumiza macho." Nikatolewa jikoni na miaka yangu 41.

Sasa sikilizeni kilichotokea humo ndani, nilikuja kukijua kidogo kidogo.

Mama alikuwa na furushi la milulu, yale majani ya mabondeni yanayosukwa vikapu, keshayakausha. Hakumwambia binti "njoo nikufundishe utamaduni wetu". Alimwambia, "Nishikie hapa." Basi. Akamshikisha kitako cha kikapu, ile sehemu ya kuanzia, milulu imepishana kama msalaba, imelowekwa kidogo isikatike. Mtoto akashika. Kesho yake akaambiwa azungushe mistari miwili. Akazungusha, bibi akaitazama, akafumua yote bila neno, akamrudishia. Mara ya pili akafumua. Mara ya tatu akaacha mstari mmoja, akafumua mmoja. Binti yangu ambaye mimi nikimkosoa daftari anafunga mlango, kwa bibi yake alifumuliwa siku nne hakununa.

Na mikono ikiwa na kazi, mdomo wa bibi unafunguka wenyewe. Hapo jikoni binti kasikia kwa nini ukoo wetu hauoani na ukoo fulani wa ng'ambo ya mto. Kasikia habari za mwaka wa njaa na majani waliyokula. Kasikia kwamba babu yake, baba yangu mimi, alikuja kuposa akiwa amevaa kiatu cha kuazima, mguu mmoja unabana. Hiyo hata mimi sikuwahi kuisikia! Wanawake wa jirani wakipita wanaketi, "kamwene", na usipoitikia wanakutazama tu mpaka uitikie. Siku ya tano binti alikuwa anaanza yeye.

Yule wa kiume alikwenda na mdogo wangu kwenye mianzi. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwa unaishia, msimu wake ni mvua. Asubuhi unakata ncha ya mwanzi mchanga kipande chembamba tu kwa kisu kikali, unafunga mbeta, kopo la mwanzi, ikinge, jioni unarudi unakata tena. Ukisahau jioni moja, mwanzi unakausha kidonda na umeupoteza. Dogo alipewa mianzi mitatu iwe yake. Nyumbani hajawahi kukumbuka hata kuzima taa, kule alikuwa anaamka na jogoo. (Alionja mtogwa, ule mtamu wa siku hiyo hiyo. Mama yake msimwambie.)

Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo na nimesahau kwamba nilifundishwa. Nilidhani nilizaliwa najua.

Swali langu kwenu: hii kitu mjini inafanyikaje? Uyole hakuna milulu wala mianzi, jiko ni la gesi, mtoto anarudi shule saa kumi na moja kachoka. Ngoma tunaziona kwenye matamasha, watoto wanapiga makofi wanarudi nyumbani. Mnafanyaje wenzangu?

Mngoni wa Peramiho

Mtani, uzi wote huu hujasema watoto walikula mboga gani. Mbwa wa jirani wako salama?

Uyole Juu

Mtani nyamaza. Babu zako na babu zangu walipigana 1878 mpaka 1882 hakuna aliyemshinda mwenzie, ndiyo maana mpaka leo unalipiza kwa mdomo. Ukifiwa nitakuja nikukalie kwenye jeneza mpaka unilipe.

Mwanjelwa Born

Mkuu uzi mzuri ila naomba nipinge kidogo kama kijana wa miaka 23.

Baba yangu Msafwa, mama Mndali wa Ileje, nimezaliwa na kukulia Mwanjelwa. Kisafwa nasikia maneno kumi, nusu yake matusi. Nikienda kwa baba mkubwa Ilembo wananicheka nikitamka. Nikinyamaza wanasema kijana wa mjini anaringa. Sasa mnataka tufanyeje? Kila mkubwa anayelalamika vijana hawajui mila, muulize mara ya mwisho alikaa na mtoto wake kumfundisha ni lini. Wewe mleta uzi umejisema mwenyewe, mtoto kafika miaka 15 hajui kuitikia salamu ya kabila la baba yake. Hiyo "poa" ni yake au ni yako?

Na kitu kingine. Mama yangu anaongea Kindali na dada zake kwenye simu, akimaliza anageuka kwangu na Kiswahili. Lugha ya siri za watu wazima. Nilikua nikijua kwamba kile ni cha wao, mimi hakinihusu.

Uyole Juu

Hiyo "poa" ni yangu, mdogo wangu. Umenipiga pazuri.

Mke wa Mtu Busokelo

Mimi nitaongea ambalo wanaume hamlitaji mkianza nyuzi za mila.

Nimeolewa Busokelo. Wanyakyusa wenzangu wanajua ingamwana. Kwa wasiojua: mkwe wa kike halitaji jina la baba mkwe wake, na si jina tu, hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo unaliepuka, unatafuta lingine. Baba mkwe akitokea njiani unapinda kichakani. Mimi jina la mzee lilifanana na neno la jikoni la kila siku. Mwaka wa kwanza nilikuwa naongea kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nikiteleza wifi anacheka.

Nilijifunza kwa nani? Kwa mama mkwe na mawifi, hivyo hivyo mkono kwa mkono, hakuna daftari. Kwa hiyo mleta uzi, jiko ni shule kweli, ila jiko hilo hilo lilitufundisha pia kunyamaza, kula mwisho, na kutouliza. Mimi binti zangu nimewafundisha kupika mbalaga, ndizi zetu, nimewafundisha kwamba mtu mzima humsalimii "ugonile", unasema "mugonile". Ingamwana nimewaeleza kama habari, wasije wakashangaa wakiikuta. Kuitenda, hapana. Mnaosema "turudishe mila" semeni zipi.

Uyole Juu

Dada mugonile. Nimeuonyesha ujumbe wako mke wangu, amesoma mara mbili, amecheka, halafu akaniambia nisijibu kitu. Natii.

Mwalimu wa Chaki

Nafundisha sekondari mkoa wa Njombe, niseme yanayonihusu.

Nilipokuwa darasa la tano sisi tuliokamatwa tunaongea Kibena tulivishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Nilikivaa wiki nzima kwa sababu wenzangu waligoma kuongea mbele yangu. Leo nimekuwa mwalimu, naambiwa niwafundishe watoto kuthamini asili. Haya mambo yana vichekesho vyake.

Mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mimi nalipenda, lisije likaonekana nalipiga vita. Lakini mtoto anaweza akapata A kwenye swali la Mkwawa na asijue bibi yake alizaliwa kijiji gani. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliliona hilo: alieleza kwamba kabla ya wakoloni hatukuwa na majengo ya shule lakini watoto walikuwa wanasoma, kwa kuishi na kutenda, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi chake. Sisi tukajenga majengo, watu wazima wakajiuzulu.

Ninachofanya shuleni kwangu ni kidogo. Wakifunga shule nawapa kazi moja: nenda kwa mtu mzima kuliko wote kwenye ukoo wako, usimhoji, msaidie kazi siku mbili, halafu niandikie kitu kimoja alichokisema ambacho hukukiuliza. Nilianza na kuwapa maswali ya dodoso, wakaniletea majibu yanayofanana kama wamenakiliana, na kweli walinakiliana. Nilipoondoa maswali ndipo zikaja habari. Mmoja aliniletea wimbo wa kutwangia wa bibi yake, kaurekodi kwenye simu, unasikia na mchi.

Kijana wa Soweto

Mwalimu hiyo ya wimbo wa kutwanga iweke humu tusikie.

Mwalimu wa Chaki

Ni ya ukoo wa watu mkuu, si yangu kuitoa.

Mwaipaja Mzee wa Migomba

Vijana, nawasalimu. Mimi ni wa Rungwe, nimestaafu, nachangia polepole kwa kidole kimoja.

Mnaongea habari za jiko, lakini kwetu Wanyakyusa mtoto wa kiume hakulelewa na jiko peke yake. Alilelewa na rika. Babu yangu alinieleza: akifika miaka kumi hivi, anaondoka kulala kwa baba yake, anakwenda na wenzake wanajenga vibanda vyao pembeni. Kinaanza kama mchezo wa watoto, vibanda vinaanguka, wanajenga tena. Wakikua kinakuwa kijiji kamili, wanaoa humo humo, wanazeeka pamoja. Wale wanandoa wasomi wa Kizungu, Godfrey na Monica Wilson, walikuja kukaa huku kati ya 1934 na 1938 wakayakuta bado yapo, wakayaandika. Lakini sisi hatukuhitaji kusoma kwao, tulikuwa nayo.

Na sikilizeni hili. Walilala kwao, lakini chakula walikula kwa mama zao, kwa kundi. Leo kundi zima linakwenda kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mchoyo anajulikana, mchafu anajulikana, anayeongea ovyo mbele ya mama wa mwenzie anarudi kibandani anakipata. Kuna neno letu, ukwangala, kukaa na wenzako kwa raha na adabu, kuongea, kula pamoja. Mtu aliyejitenga na wenzake alionekana hajakamilika hata awe na ng'ombe wangapi.

Nikipita Tukuyu stendi nikiona vijana wa bodaboda wamekaa kijiweni, nasema hili ni rika lile lile. Wana lugha yao, wana sheria zao, wakifiwa wanachanga. Kilichokosekana ni yule mama wa kuwalisha kwa zamu na kuwasikiliza wanavyoongea.

Boda wa Kabwe

Mzee mimi ni boda, na mama ntilie wetu anatusikiliza sana, anatukopesha na anatutukana. Labda ndiye huyo.

Mwaipaja Mzee wa Migomba

Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Inawezekana ndiye.

Mwanjelwa Born

Mzee, hapa nimesoma nikatulia. Hii mbona hatukufundishwa popote?

Mpanda Milima

Niongeze moja kwa wanaodhani elimu ya wazee ni hadithi za sungura. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa Rungwe, wakawa wanawasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja nyani mwenye aibu anayeitwa kipunji. Wakamfuatilia msituni, wakamkuta. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa aina mpya ya nyani, na 2006 akapewa mpaka jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mpya kwa nani? Mtoto aliyekuwa anafuatana na baba yake kuwinda alimjua kwa jina. Jina la kipunji limebaki kwenye vitabu vyao, angalau hilo.

Kijana wa Soweto

Mkuu, wawindaji hao hao si ndio walikuwa wanammaliza? Tusipambe sana.

Mpanda Milima

Ni kweli, walikuwa wanamwinda na msitu unakatwa. Aliyemjua ndiye aliyekuwa anamla. Sikatai.

Dada wa Vyungu

Mimi nauza vyungu, nachukua mzigo Matema. Jumamosi pale Lyulilo wanakuja Wakisi na mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu vimepangwa na kufungwa na majani. Wafinyanzi ni akina mama. Nimewaona watoto wa kike wa miaka sita saba wamekaa pembeni ya mama, wanafinyanga vijungu vya kuchezea, mama hata hawaangalii. Kikipasuka kwenye moto kimepasuka. Baadaye nakuja kununua cha kwake, hakijapasuka, nampa hela yake mkononi. Ule uso!

Ila niwe mkweli. Mabinti waliofika kidato cha nne wengi hawarudi kwenye udongo. Nilimuuliza mmoja, akaniambia, "Dada, chungu unakinunua kwangu shilingi ngapi na Mbeya unakiuza shilingi ngapi?" Nilikosa jibu. Mnaolia vijana hawathamini vya asili, kwenye kununua mnapunguza bei mpaka ya kuni haibaki.

Mngoni wa Peramiho

Hapa mtani wangu Mhehe kakimbia. Anaogopa kuambiwa bei.

Uyole Juu

Sijakimbia, nasoma. Dada wa Vyungu nina vyungu vyako viwili nadhani, na nilipunguza bei. Naomba radhi hadharani.

Mshindo Mixer

Wakuu mimi napiga muziki studio, Iringa mjini. Kuna chombo cha Wahehe kinaitwa ligombo, mbao imechimbwa kama mtumbwi mdogo, nyuzi juu, kibuyu cha kutoa sauti. Hugh Tracey alipopita Tanganyika 1950 alikirekodi, na nyimbo za habari za Mkwawa. Nimetafuta mpigaji mwaka mzima. Nilimpata babu mmoja kijijini, akanikatalia kurekodi siku ya kwanza. Kasema lete kuni. Nikaleta kuni. Siku ya pili kasema nisaidie kuezeka choo. Nimeezeka. Siku ya tatu kapiga masaa mawili, mashine sijaiwasha, nilisahau.

Nimesoma hii habari ya "nishikie hapa" nikacheka peke yangu.

Mwalimu wa Chaki

Ulirudi kurekodi?

Mshindo Mixer

Nilirudi. Kanipa mbao nianze kuchimba yangu. Mpaka sasa nimetoboa mbili, zote zimepasuka.

Uyole Juu

MREJESHO, maana nilitegemea mtaniuliza na hamkuuliza.

Watoto wamesharudi siku nyingi. Binti alirudi na kikapu nusu. Kitako kimeenda upande, ukikiweka mezani kinainama kama mlevi. Tumempigia bibi simu ya video, kaangalia, kasema neno moja: "Fumua." Mtoto kakaa sakafuni jikoni, kafumua. Milulu mingi ikakatika kwa sababu imekauka sana, ikabaki isiyotosha.

Jumamosi tukaenda Mwanjelwa kutafuta. Hakuna anayeuza milulu mitupu. Ila pembeni ya wauza viazi tulimkuta mama mmoja wa Njombe ana vikapu, na kingine kiko mikononi bado anakisuka. Kabla sijafungua mdomo binti kasema "kamwene". Mama akaitikia, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaanza kumuuliza wewe wa nani, wa wapi, bibi yako anatoka kijiji gani. Mimi nikawa mtu wa kubeba mfuko.

Milulu alikataa kuuza. Alisema kama anataka kusuka aje Jumamosi akae hapa, atatumia ya kwake, na asipokaa vizuri atamfukuza.

Jumamosi iliyofuata nilimwacha pale saa tatu asubuhi nikamchukua saa saba. Kwenye bajaji nikamuuliza amejifunza nini. Kaniambia bei ya debe la viazi Njombe, na kwamba yule mama aliposwa mara mbili akakataa, ya tatu akakubali kwa sababu mwanaume alikuwa anajua kucheka. Kikapu bado kiko kwenye kitako.